Shikamoo Itasubiri: Namna ya Kumsaidia Mtoto Anayeongea Nyumbani na Kunyamaza Shuleni

Jioni moja nilikwenda nyumbani kwa mwanafunzi wangu, Ujiji hapa Kigoma, uchochoro wa pili kutoka sokoni. Kabla sijaufikia mlango nikasikia mtoto wa kike anafoka uani: "Hicho kichwa cha mgebuka ni changu, jana ulikula wewe!" Sauti kali, isiyoomba ruhusa kwa mtu. Nikapiga hodi. Sauti ikakatika hapo hapo. Nilipoingia, binti alikuwa amesimama wima, vidole vimekamata gauni, macho yako chini. Alikuwa amekaa kwenye darasa langu la awali tangu Januari, na wakati huo tulikuwa Agosti. Ndiyo siku ya kwanza niliyosikia sauti yake.

Mama yake, kila nilipomwita shuleni, alikuwa anacheka: "Huyu? Huyu anatuchosha kwa maneno." Nikadhani ananificha jambo. Yeye naye akadhani mwalimu hampendi mwanawe. Kumbe wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Nimeandika hatua tulizopita, pamoja na yale ambayo wataalamu wa afya ya akili ya watoto wamekubaliana kuhusu hali hii, ili mwalimu mwenzangu asipoteze miezi saba kama nilivyoipoteza mimi.

Jambo lenyewe ni nini

Kitaalamu linaitwa ububu wa kuchagua, na hilo neno "kuchagua" linaniudhi. Daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, alipoielezea hali hii mwaka 1877 aliipa jina la Kilatini lenye maana ya kukosa usemi kwa hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer wa Uswisi akaja na jina lenye maana kwamba mtoto ameamua nani wa kuongea naye. Majina yote mawili yanamtupia mtoto lawama. Mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani walibadilisha jina ili lionyeshe kwamba ukimya unatokea mahali fulani na si kwingine, na mwaka 2013 wakaihamishia hali hii kwenye kundi la matatizo ya hofu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inaiweka huko huko. Sisi kwa Kiswahili bado tumebaki na "kuchagua". Mimi nikiongea na wazazi nasema ukimya wa hofu, na wananielewa haraka zaidi.

Mtoto wa namna hii anataka kusema. Jibu analo. Koo linabana, uso unakakamaa, wengine mwili mzima unakuwa kama gogo. Ukikutana na nyoka njiani, kuna watu wanaokimbia na kuna wanaoganda. Huyu ni wa kuganda. Tatizo ni kwamba uso ulioganda unafanana sana na uso wa kiburi, na hapo ndipo fimbo inapoingia.

Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, lakini hugunduliwa akianza shule kwa sababu nyumbani hakuna cha kuona. Wasichana huonekana nayo zaidi kidogo kuliko wavulana. Tafiti za nje zinakadiria chini ya mtoto 1 kati ya 100. Sasa piga hesabu ya shule zetu, darasa la awali na la kwanza zikiwekwa pamoja. Yupo. Kama hujamwona, pengine ni kwa sababu hasumbui.

Hatua ya 1: Hakikisha ndicho chenyewe

Subiri mwezi wa kwanza wa shule upite. Watoto wengi huingia Januari na midomo imefungwa, Februari wanaanza kukuchosha. Kama ukimya umevuka mwezi, unajirudia mahali pale pale, na unamzuia mtoto kusoma, kucheza au kuomba msaada, huku nyumbani anaongea kawaida, endelea na mwongozo huu. Kabla ya hapo, ondoa yafuatayo.

Lugha. Mkoa wetu una watoto wengi wanaokuja shule na Kiha kitupu, hasa kutoka vijiji vya Buhigwe na Kasulu, na wengine wamekuja na Kirundi au lugha za Kongo. Mtoto anayejifunza lugha mpya anaweza kukaa kimya miezi kadhaa akisikiliza tu, na hana ugonjwa wowote. Mwangalie uwanjani: akikutana na Muha mwenzake, anaongea? Kama anaongea, mpe muda na Kiswahili chake. Kama hata Kiha hakimtoki akiwa ndani ya eneo la shule, hata kwa dada yake wa tumbo moja, hapo kuna hofu. Na ujue mambo hayo mawili huweza kuja pamoja: watoto wanaoishi kati ya lugha mbili ndio wanaoonekana na hali hii mara nyingi zaidi.

Masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara, au asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, apelekwe akapimwe usikivu kabla ya jambo lingine lolote.

Ugonjwa wa ubongo. Malaria iliyopanda kichwani, degedege la muda mrefu na homa ya uti wa mgongo huweza kuacha shida ya kusema au ya kusikia. Lakini mtoto huyo atakuwa na shida nyumbani pia. Hivyo hivyo kwa usonji: dalili zake zinaonekana kote, hata mbele ya mama.

Msiba. Hili nalitenga makusudi. Mtoto aliyekuwa anaongea shuleni vizuri, akanyamaza ghafla, au aliyenyamaza kila mahali hata kwa mama yake, huyo siye ninayemzungumzia hapa. Inawezekana ameona jambo la kutisha, au kuna mtu anamdhuru. Katika mkoa ambao umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, walimu tunakutana na watoto wa namna hiyo. Usianze naye michezo ya hatua za mbele. Peleka habari hospitali na kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo, kwa siri. Upande wa pili, mtoto wa ukimya wa hofu mara nyingi hajapatwa na tukio lolote baya. Usimhoji mama kana kwamba kuna kitu nyumbani kwake.

Jambo moja zaidi, maana litaletwa tu na shangazi au jirani: kimeo. Kukata kimeo hakufungui mdomo wa mtoto. Kunatoa damu, kunaleta maambukizi, na kunampa mtoto mwenye hofu sababu mpya ya kuogopa watu wanaotazama kinywani mwake. Ulimi wake nao si mzito. Mtu aliyepigania kichwa cha mgebuka kwa sentensi nzima hana udata, yaani ulimi ulioshikwa chini.

Hatua ya 2: Andika ramani ya sauti

Chukua daftari. Kwa wiki mbili mzazi aandike upande wake, mwalimu upande wake: mtoto alikuwa wapi, nani alikuwepo, sauti ilikuwa ya kiasi gani. Usiandike "haongei". Andika kilichotokea: alitikisa kichwa, alinyoosha kidole, alisogeza midomo bila sauti, alinong'ona, alisema neno moja.

Ramani ya yule binti ilinishangaza. Na kaka yake, kelele. Na bibi, kelele. Jirani akiingia uani, ananong'ona sikioni mwa mama. Baba yake ni mvuvi wa dagaa pale Katonga. Usiku yuko ziwani, mchana amelala, kwa hiyo mtoto alimzoea kwa vipindi, siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi. Siku hizo mbili tatu za mwanzo za mbalamwezi aliongea na baba yake kwa sauti ya chini, kisha ikapanda. Na njiani kwenda shule aliongea mpaka kwenye mwembe wa kona. Akiupita mwembe, kimya. Jioni akirudi, akiufikia mwembe, maneno yanaanza upya kana kwamba aliyaacha pale chini ya mti.

Ramani hiyo ndiyo inayokuambia pa kuanzia. Unaanzia pale sauti inapoishia, hatua moja mbele yake. Mahali pengine popote utapoteza muda.

Hatua ya 3: Ondoa mzigo, na wa kwanza ni shikamoo

Hapa nitakaa kidogo.

Kwetu mtoto anapimwa kwa salamu. Akiamka, shikamoo. Akikutana na mzee njiani, shikamoo. Mgeni akiingia, hata kabla hajakaa, tunamsukuma mtoto mgongoni: "Msalimie mjomba." Na salamu ndiyo sentensi ngumu kuliko zote kwa mtoto wa namna hii. Inadaiwa ghafla, mbele ya watu, kila jicho liko kwake, na neno ni moja tu ambalo hakuna namna ya kulizunguka. Wataalamu wanaofanya kazi na watoto hawa wanaeleza kwamba maneno ya adabu, yaani salamu, asante na samahani, mara nyingi ndiyo yanayokuja mwishoni kabisa, baada ya mtoto kuwa tayari anajibu maswali na hata kucheka kwa sauti. Kwa hiyo sisi tunaanza na daraja la juu la ngazi, kisha tunamchapa kwa kushindwa kulirukia.

Nami nilifanya hivyo. Mwezi wa tatu nilimsimamisha binti yule mbele ya darasa nikamwambia, "Hukai mpaka unisalimie." Alisimama. Wenzake wakacheka, kisha wakachoka kucheka. Baadaye nikaona maji yanatiririka miguuni mwake. Sikuwa najua nilichokuwa nakifanya, lakini yeye alijua, na niamini, ile miezi mitano iliyofuata nilikuwa nailipia asubuhi ile.

Kwa hiyo: shikamoo itasubiri. Mzazi na mwalimu kubalianeni hivyo, kisha waambieni wakubwa wote wanaomzunguka mtoto. Mtoto ampe mkubwa mkono, au ainamishe kichwa, na hiyo ihesabiwe salamu kamili. Bibi atakasirika. Bibi wa binti huyu aliniambia, "Mwalimu, mnatulelea mtoto asiye na adabu." Nikamjibu, "Bibi, adabu anayo, sauti ndiyo haijatoka. Tukiivuta kwa nguvu inarudi ndani zaidi. Nipe mpaka mwaka uishe." Akanyamaza, akasema, "Haya, nakuangalia." Ilitosha.

Acheni pia maneno haya mbele ya mtoto: bubu, ana aibu, haongei huyu. Mtoto akiisikia sifa hiyo kila siku anaivaa kama sare. Akiulizwa na mtu, mzazi aseme tu, "Bado anajiandaa."

Wala msiahidi zawadi kubwa za kumtega, kama baiskeli akisema neno moja. Hofu haihongwi, na mtoto aliyeshindwa kuipata baiskeli anajiona mbaya mara mbili.

Hatua ya 4: Usimsemee

Ukisoma hatua ya tatu peke yake utaharibu. Kuna upande wa pili wa mzani.

Tazama linalotokea dukani. Muuzaji anamwuliza mtoto, "Unataka nini?" Mtoto anaganda. Mama anaona uchungu, anajibu, "Anataka pipi." Mtoto anapumua. Mama anapumua. Muuzaji anapumua. Wote wamepata nafuu, na ndani ya ile nafuu mtoto amejifunza somo: nikinyamaza, hofu inaondoka. Kesho atanyamaza mapema zaidi. Mchezo huo ukirudiwa mara 20 kwa siku kwa mwaka mzima, ukimya unakuwa tabia ya mwili. Ndugu wakubwa nao wana ujuzi mkubwa wa kusemea. Kaka wa binti huyu alikuwa mkalimani wake rasmi.

Sasa usimlazimishe, na usimsemee. Katikati hapo unafanya nini? Unauliza vizuri, halafu unasubiri.

Kuuliza vizuri maana yake ni kumpa mtoto maneno mawili achague moja: "Utatumia penseli nyekundu au ya bluu?" Swali la "ndiyo au hapana" anakwepa kwa kutikisa kichwa. Swali la wazi kama "Jana mlifanya nini?" ni refu mno. Ukishauliza, funga mdomo na hesabu moyoni mpaka 5. Nakuonya, sekunde 5 za kimya ni ndefu ajabu kwa mwalimu. Sisi tukiuliza tunajijibu wenyewe. Usimtazame usoni wakati unasubiri, tazama penseli. Asipojibu, uliza mara moja zaidi, kisha pokea kidole alichonyoosha na uendelee na kazi bila kununa. Haya maswali yaulizwe na mtu ambaye mtoto tayari ameanza kutoa sauti mbele yake. Kama mbele yako bado, kaa karibu naye na usimulie anachofanya, kama mtangazaji wa mpira mwenye sauti ndogo: "Naona umechora jua. Umeweka mtumbwi chini yake." Bila swali lolote. Dakika 5 kwa siku, wengine wakiwa wanaandika. Inaonekana upuuzi. Inampa mtoto nafasi ya kukaa na wewe pasipo kudaiwa chochote.

Hatua ya 5: Choo, leo hii

Usisubiri hatua nyingine kwa hili. Mtoto asiyeweza kuomba ruhusa hujibana, hujikojolea, au hanywi maji kutwa nzima kwa joto hili la Ujiji. Mpe kipande cha boksi chenye mchoro wa choo. Akikiweka juu ya dawati anatoka, hahojiwi. Ishara nyingine iwe ya kuumwa au kuumizwa. Walimu wote wa zamu wajue.

Hatua ya 6: Leta sauti shuleni, kidogo kidogo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kanuni ni moja: mtoto anakuja na mtu anayeongea naye bila shida, wanaongea mahali pagumu pakiwa patupu, na mtu mgeni anaingia taratibu kama maji yanavyopanda ufukweni. Kisha yule wa kwanza anatoka taratibu vile vile. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: mtu, mahali, au ugumu wa maneno. Ukibadilisha viwili, utarudi mwanzo.

Sisi tulitumia mdako. Unachimba kashimo, au unachora duara kwenye sakafu, unaweka vijiwe, unarusha kimoja juu na kuchota vingine, huku ukihesabu. Faida yake ni kwamba macho na mikono vina kazi, na hesabu ni maneno yasiyo na siri ndani yake. Kutamka "tatu" ni rahisi kuliko kusema unachofikiri. Mtoto wa kiume anaweza kutumia karata, bao au kuhesabu vizibo vya soda. Tulifanya baada ya saa za masomo, dakika 15, mara tatu kwa wiki. Mama aliuza dagaa asubuhi Kibirizi, kwa hiyo tulipatana saa tisa na nusu.

Siku za kwanza mbili, mama na binti walicheza darasani peke yao, mlango umefungwa. Mimi sikuwepo kabisa. Siku ya pili alihesabu kwa sauti, ndani ya darasa ambalo hajawahi kutoa sauti. Mama alipotoka kuniambia alikuwa analia.

Kisha nikaanza kupita nje ya dirisha, bila kutazama ndani. Siku nyingine nikafagia barazani, mlango uko wazi. Kisha nikaingia, nikakaa kona ya mbali nikisahihisha madaftari, mgongo umewageukia. Hapo aliacha kuhesabu. Tulirudi nyuma hatua moja: nikatoka barazani, akaendelea. Siku iliyofuata nikaingia tena, mgongo vile vile, na sauti ikabaki, chini sana. Kila siku nilisogeza kiti kama mita moja.

Nilipofika karibu, nikageuka kutazama vijiwe. Si uso wake, vijiwe. Kisha mama akasema, "Mwalimu naye acheze." Tukahesabu kwa zamu: mama moja, mtoto mbili, mimi tatu. Wiki iliyofuata mama akaanza kuwa na kazi, kwanza akisogea dirishani, kisha barazani, kisha "nachota maji, narudi". Tukabaki wawili. Ilikuwa imepita wiki ya tano.

Mambo manne niliyojifunza kwa makosa. Maliza kila kipindi mtoto akiwa ameshinda, hata kama ni ushindi mdogo. Usivute "mara moja tu tena". Akinong'ona, mpe wiki chache, kisha songa mbali kidogo ili sauti ilazimike kukua. Ukisikia neno la kwanza, usipige makofi wala usiite walimu wengine: jibu alichosema, na sifa iwe fupi na ya kitu mahususi, "asante kwa kunihesabia." Na kama mama hawezi kuja, kaka au dada anafaa, mradi akubali kuacha kazi yake ya ukalimani.

Hatua ya 7: Kutoka kwa mwalimu hadi darasa

Ongeza mtoto mmoja kwenye mdako, yule ambaye binti anamtazama sana wakati wa mapumziko. Baadaye wawili. Baadaye hamia darasani wakati wenzake wako nje, kisha wakiwa ndani wanafanya kelele zao. Kelele ni kificho kizuri.

Shule zetu zina zana moja ambayo Wazungu wanaitafuta kwa tochi: kuitikia pamoja. Darasa zima likisema "a, e, i, o, u" hakuna anayejua nani kafungua mdomo. Weka mtoto katikati, usimtazame, acha midomo ianze, sauti itafuata. Wale wanaosoma madrasa jioni wana nafasi hiyo mara mbili, kwa kuwa sura fupi husomwa kwa pamoja. Zungumza na ustadhi mapema, maana mtoto asiyesoma peke yake mbele ya ustadhi huhesabiwa hakuhifadhi.

Na kusoma kwa sauti kwa ajili ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu? Mtoto asiyefungua mdomo anaandikiwa hajui kusoma, kumbe anasoma vitabu vya kaka yake. Mwombe mzazi amrekodi kwa simu akisoma ukurasa uliouchagua wewe, kwa ridhaa ya mtoto, nawe usikilize naye akiwa karibu. Unapata alama ya haki, na yeye anazoea sauti yake kusikika shuleni. Isichezwe mbele ya wengine wala isitumwe kwenye kundi la wazazi.

Siku atakayosema darasani, atatokea mmoja atakayepiga yowe: "Mwalimu, ameongea!" Waandae wenzake kabla, siku ambayo mtoto hayupo: "Kila mtu ana kitu anachoogopa. Mwenzetu akisema, tunamjibu, basi." Kwangu walisahau wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alitosha kuwanyamazisha.

Hatua ya 8: Njiani na sokoni

Kazi ya mzazi. Anza kwenye mwembe, wapi kwingine. Mama alipita pale naye kila asubuhi akiendelea na hadithi aliyoianzia nyumbani, na kuacha sehemu tamu iendelee hatua kumi mbele ya mti. Kisha ishirini. Kwa sokoni, mtoto anaanza kwa kutoa hela, kisha anasema neno moja mlilofanya mazoezi, "maandazi", kwa muuzaji mmoja yule yule, saa ambayo hakuna foleni.

Hatua ya 9: Wakati wa kwenda hospitali

Kama miezi mitatu ya hatua hizi, zilizofanywa kweli, haijasogeza kitu, kama mtoto amefika miaka 8 au 9 na bado, kama haendi choo, hali chakula, hacheki tena, nendeni. Kigoma mjini anzeni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, mkaombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Waonyesheni daftari la ramani na ile sauti kwenye simu, kwa sababu mbele ya daktari mtoto hatasema neno na mtaonekana mmetunga. Ushahidi uliopo unaonyesha watoto wanaosaidiwa wakiwa wadogo hufanya vizuri zaidi kuliko wanaosubiri "atakua tu". Kwa baadhi ya watoto wakubwa madaktari huongeza dawa za kupunguza hofu pamoja na mazoezi haya. Hizo huandikwa na daktari na kufuatiliwa naye. Haziulizwi duka la dawa.

Yule binti sasa yuko darasa la kwanza. Anasoma kwa sauti ndogo, anagombana kwa sauti kubwa, na mwalimu wake mpya alifanya mdako naye wiki ya mwisho ya likizo kabla shule haijafunguliwa, pamoja nami. Akija mtu mgeni darasani bado anaganda.

Mwezi wa nne, akiwa tayari darasa la kwanza, nilikuwa sokoni nimeinama kwenye fungu la nyanya. Kitu kikagusa kitenge changu. "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ya kunong'ona. Nikasema, "Marahaba," nikaendelea kuchagua nyanya.